Wamarekani wametajirika mara 64 kwa kipimo cha TV? Jibu refu kwa msomaji

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka tumebishana wiki nzima. Yeye anasema Marekani mwaka 1954 TV ya rangi ilikuwa dola 1,000 na familia ya kawaida ilikuwa inaingiza kama dola 4,200 kwa mwaka, kwa hiyo kipato cha mwaka mzima kilikuwa kinanunua TV nne tu. Leo TV ya inchi 55 unaipata kwa dola 300 na kipato kimefika dola 80,000, yaani TV zaidi ya 260. Akigawanya anapata Wamarekani wametajirika mara 64. Naona kuna kitu hakijakaa sawa ila sijui ni kipi. Na kama wametajirika hivyo, mbona nao wanalia maisha magumu?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikwambie kaka yako namba zake hajazitunga, zote nne zipo karibu sana na ukweli, na ndo manake hoja hii inashika watu wengi. Tatizo lipo kwenye kuziweka pamoja. Hiyo 64 ukiimenya maganda yake inabaki namba ndogo sana, tutafika huko, ila twende taratibu maana kila ganda lina kitu chake cha kujifunza.

Tuanze na hiyo TV ya dola 1,000. Ilikuwa ya kampuni ya RCA ya Marekani, modeli CT-100, ikatoka Machi 1954, na kioo chake kilikuwa inchi 15 tu huku kabati lenyewe likiwa samani nzima ya sebuleni. Ukifungua mgongo wake unakutana na valvu 36 (vichupa vya kioo vilivyokuwa vinaendesha umeme wa ndani) zinawaka na kutoa joto, na ndani ya chogo, nyuma tu ya kioo, kulikuwa na bati jembamba lililotobolewa matundu mamia ya maelfu, na kila tundu lilitakiwa lilingane na nukta tatu upande wa mbele, nyekundu, kijani na buluu, halafu bunduki tatu za elektroni zilenge kupitia hapo bila kukosea. Bati likisogea kidogo tu, au mtu akiihamisha TV ukuta huu kwenda ule, uso wa mtangazaji unageuka kijani na inabidi fundi aitwe nyumbani akae nayo kwenye skrubu moja moja mpaka rangi zirudi. Ilitengenezwa moja baada ya nyingine kwa shida hivyo hivyo, jumla zikatoka kama 5,000 hivi, na kabla mwaka haujaisha bei ikashushwa mpaka dola 495 maana hazikuwa zinatoka.

Sasa jiulize, nani alinunua? Miaka kumi baadaye, 1964, nyumba zenye TV ya rangi Marekani zilikuwa kama 3 kati ya kila 100. Kwa hiyo familia ya dola 4,200 ya kaka yako haikuwahi hata kuifikiria CT-100, hiyo ilikuwa ya mwenye hela zake. Familia ya kawaida ilikuwa na TV ya nyeusi na nyeupe, nyingi zikichukuliwa kwa kulipa kidogo kidogo, na mwaka huo TV hiyo ya kawaida unaiweka kwenye dola 200 hivi. Na zilikuwa zinaenda kwa kasi ambayo mpaka leo inanishangaza, 1950 nyumba zenye TV zilikuwa asilimia 9, kufika 1960 ni asilimia 87. Mashine ngeni kabisa kuingia karibu kila nyumba ndani ya miaka kumi.

Rudia hesabu na TV hiyo ambayo watu walinunua kweli. Dola 4,200 kwa mwaka ni kama dola 80 kwa wiki, kwa hiyo TV ya dola 200 ilikuwa inakula kipato cha wiki mbili na nusu cha familia nzima. Leo kaya ya katikati (maana yake nitaieleza hapa chini) inaingiza dola 80,610 kwa mwaka (hiyo ni ya 2023), sawa na 1,550 kwa wiki, na TV ya dola 300 ni kama siku moja ya kazi. Kutoka siku 12 na nusu kuja siku moja. Mara 64 yako imeshashuka mpaka mara 13, na hatujagusa kitu kingine zaidi ya kubadilisha TV ya kuanzia.

Ukitaka kumwonyesha kaka yako jinsi mahali pa kuanzia panavyoweza kupotosha, mpe mwaka 1997. Mwaka huo TV za plazma (aina ya TV bapa) za kwanza za inchi 42 zilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 15,000, na kaya ya katikati ilikuwa inaingiza dola 37,000. Kipato cha mwaka kinanunua TV mbili na nusu. Piga hesabu ile ile ya kaka mpaka 2023, unapata wametajirika zaidi ya mara 100 ndani ya miaka 26! Hakuna mtu anayeijua Marekani ya miaka hiyo atakayekubali hilo. Kilichotokea ni kwamba kitu kipya siku zote kinaanzia kwa matajiri kwa bei ya kuruka, halafu kinashuka, na ukipima kuanzia siku ile ya kwanza utapata namba yoyote ya kushangaza unayoitaka.

Haya, tuje kwenye kipato, maana hapa watu wengi wanapita haraka wakati ndo penye kazi. Nikisema kaya ya katikati simaanishi wastani wa kujumlisha na kugawanya. Chukua kaya zote uzipange mstari mmoja kuanzia yenye kipato kidogo kabisa mpaka yenye kikubwa kabisa, halafu tembea mpaka katikati ya mstari, unayemkuta hapo ndo huyo. Wastani wa kugawanya unavutwa juu na matajiri wachache, huyu wa katikati havutwi, bilionea akiongeza bilioni nyingine mstari unabaki vile vile.

Na kuna mtego mwingine mdogo ambao kaka yako kaingia bila kujua. Ile 4,200 ya 1954 ni ya familia, yaani watu wawili au zaidi wenye undugu wanaoishi pamoja. Ile 80,000 ya leo ni ya kaya, na kaya inahesabu hata mtu anayeishi peke yake. Takwimu za kaya kwa Marekani zinaanzia 1967, kabla ya hapo unayo familia tu, kwa hiyo watu huunganisha hizo mbili kama ni kitu kimoja. Familia ya katikati mwaka 2023 ilikuwa inaingiza kama dola 100,000, sio 80,000. Kosa hili kwa kweli linamwumiza mwenyewe, linafanya ongezeko lionekane dogo kuliko lilivyo, ila ukitaka haki lazima ulinganishe embe na embe.

Sasa toa mfumuko wa bei. Dola moja ya 1954 ilikuwa na nguvu ya kununua kama dola 11 na senti kadhaa za 2023. Kwa hiyo familia ile ya dola 4,200 kwa hela ya leo ni kama dola 47,000. Leo ni 100,000. Mara mbili na kidogo. Hiyo ndo namba yako mdogo wangu, mara mbili na kidogo ndani ya karibu miaka 70, na tumetoka kwenye 64.

Mara mbili sio kidogo, sitaki niidharau, watu wale wanaishi vizuri kuliko babu zao. Ila angalia lini ilitokea. Kuanzia 1947, muda mfupi baada ya vita kuu ya pili, mpaka 1973 kipato cha familia kilikaribia kuongezeka mara mbili, ndani ya miaka 26 tu. Baada ya hapo mwendo ukawa wa kobe, ukichukua kaya ya katikati kuanzia 1984 mpaka 2023 imeongezeka kama robo mpaka theluthi, kutegemea unatumia kipimo gani cha mfumuko, na katikati hapo kuanzia 1999 mpaka karibu 2015 kaya hiyo haikusogea, ilipanda ikashuka ikarudi pale pale. Miaka 15 mtu yuko pale pale! Na ndo miaka hiyo hiyo ambayo TV bapa zilikuwa zinaporomoka bei. Kwa hiyo mtu anayetumia TV kupima utajiri anakwambia kaya ilikuwa inapaa kipindi ambacho yenyewe ilikuwa imesimama.

Halafu sehemu ya ongezeko hilo imetokana na watu wengi zaidi ndani ya nyumba kwenda kazini. Mwaka 1950 wanawake waliokuwa kwenye soko la ajira ni kama 34 kati ya 100, kufika 1999 ni 60. Familia ya 1954 kwa kawaida ilikuwa inaleta mshahara mmoja, ya leo mara nyingi inaleta miwili, na huo wa pili unakuja na gharama zake, kulea mtoto kukiwa hakuna mtu mzima nyumbani, gari la pili na kadhalika. Mimi hili nalipa uzito mkubwa, maana ukihesabu hela inayoingia bila kuhesabu saa zilizotumika kuitafuta umehesabu nusu tu.

Ukienda chini zaidi kwa mtu wa kima cha chini cha mshahara hali ni nyingine kabisa. 1954 kima cha chini cha serikali kuu kilikuwa senti 75 kwa saa, kwa hiyo TV ya dola 200 ni saa 267 za kazi. Leo ni dola 7.25, haijabadilika tangu 2009, TV ya dola 300 ni saa 41. Hata huyu kapata nafuu ya TV, mara 6 na nusu hivi, lakini sio 13. Na kile kima cha dola 1.60 cha mwaka 1968 kwa nguvu ya kununua kilikuwa kama dola 14 za 2023, yaani hicho cha leo ni kama nusu yake. Majimbo mengi yameweka vya juu zaidi, ila bado yapo mengine yanayofuata hiki hiki cha 7.25.

Mpaka hapa unaona kipato kimepanda mara mbili na nguvu ya kununua TV imepanda mara 13. Tofauti hiyo imetoka wapi? Imetoka kiwandani, na hapa naomba uvumilie kidogo maana napapenda.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutoka kwenye valvu kwenda kwenye transista (vipande vidogo vinavyofanya kazi ile ile ya valvu) halafu saketi zilizounganishwa kwenye kipande kimoja, TV ikapungua vitu ndani yake, ikaacha kuharibika kila mara, ikahitaji mikono michache kuiunganisha. Hatua ya pili ni ushindani kutoka Japani kuanzia miaka ya 60, makampuni ya Marekani yakabanwa moja moja, Motorola ikauza kitengo chake cha TV kwa Matsushita ya Japani mwaka 1974, na Zenith, iliyobaki ya mwisho mwisho, ikaishia mikononi mwa LG ya Korea Kusini mwaka 1995. Mnunuzi alipata TV ya bei nafuu, na mfanyakazi wa kiwanda cha TV kule Marekani akapoteza kazi, na mara nyingine huyo mnunuzi na huyo mfanyakazi ni mtu mmoja.

Hatua ya tatu ndo kubwa, nayo ni ya vioo. TV ya chogo ina ukomo wake, ukitaka kioo kikubwa lazima chupa yote iwe nene isije ikapasuka kwa presha ya hewa maana ndani ni ombwe, kwa hiyo kila inchi unayoongeza unaongeza uzito kweli kweli, chogo za inchi 36 za mwisho mwisho zilikuwa zinapita kilo 90 na ukitaka kuihamisha unaita wanaume wawili wenye nguvu. Paneli ya LCD, yaani kioo cha TV bapa, haiko hivyo. Kiwanda kinachukua shiti moja kubwa ya kioo, wanaita kioo mama, wanatandaza transista ndogo ndogo juu yake yote kwa mpigo, halafu wanaikata vipande. Ukubwa wa shiti wanauita kizazi, namba ikipanda shiti ni kubwa zaidi; ya kizazi cha 8.5 ina mita 2.2 kwa 2.5, na nusu milimita tu au chini ya hapo kwa unene, roboti inaibeba kama unavyobeba karatasi lililolowa, ukiikunja kidogo tu imekwisha. Kutoka kwenye hiyo moja unakata paneli 6 za inchi 55, au 18 za inchi 32. Kampuni ya BOE ya China ilipofungua kiwanda cha kizazi cha 10.5 pale Hefei mwaka 2017, shiti ikawa karibu mita 2.94 kwa 3.37, unatoa paneli 8 za inchi 65 kwa pigo moja. Gharama ya kupitisha shiti moja kwenye mashine haiongezeki sawa na ukubwa wa shiti, kwa hiyo kila kizazi kikija bei ya kila inchi inashuka. Viwanda hivyo vinagharimu mabilioni ya dola na vikishajengwa kuvizima ni hasara, mara nyingi vinazalisha usiku na mchana hata kama soko limejaa, ndo maana bei inaporomoka namna ile.

La nne ni jipya kidogo, TV za siku hizi zinaendelea kuingiza hela baada ya kuuzwa, kupitia matangazo na taarifa za unachoangalia. Mwaka 2017 kampuni ya TV ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyoletwa na tume ya biashara ya Marekani kuhusu kukusanya taarifa za watazamaji kutoka TV milioni 11 bila ridhaa yao. Kwa hiyo sehemu ya bei ya hiyo TV ya dola 300 unailipa kwa macho yako, na hiyo haipo kwenye hesabu ya kaka.

Kuna jambo lingine utakutana nalo ukianza kutafuta takwimu, bora nikuandae. Utaona imeandikwa bei ya TV Marekani imeshuka kwa asilimia 97 tangu mwishoni mwa miaka ya 90. Usidhani hiyo ni karatasi ya bei dukani. Ofisi yao ya takwimu za kazi inarekebisha kwa ubora, na wao wenyewe wana mfano wanaoutumia kuelezea: chogo ya inchi 27 ya dola 250 imetoka dukani, mahali pake pamewekwa plazma ya inchi 42 ya dola 1,250. Kwa macho bei imepanda mara tano. Wao wanakokotoa kwamba plazma yenye sifa hizo kipindi kilichopita ingekuwa na thamani ya kama dola 1,345, kwa hiyo wanaandika bei imeshuka asilimia 7.1. Kimahesabu wako sawa, umepata kitu bora zaidi kwa hela yako, mimi siwapingi. Ila mama wa nyumbani aliyeenda na dola 250 zake akakuta chogo hakuna, atatoa dola 1,250 au atarudi mikono mitupu, na hakuna senti ya ule "ubora" anayoweza kulipia kodi ya nyumba. Na kuna wakati hata ukiridhika na ulichonacho unasukumwa, Juni 12, 2009 Marekani walizima mitambo mikubwa ya analojia, chogo ya zamani inayotumia antena ikawa haionyeshi kitu mpaka uinunulie king'amuzi.

Sasa hilo swali lako la mwisho, mbona wanalia. Kwa sababu TV ni aina ya kitu ambacho kiwanda kinaweza kukizalisha kwa wingi zaidi kila mwaka kwa mikono michache, na sehemu kubwa ya maisha haiko hivyo. Nesi mmoja anahudumia wagonjwa wale wale, mlezi wa watoto hawezi kubeba watoto 40 kwa mpigo kama ile shiti ya kioo, mwalimu bado anafundisha darasa moja. Mchumi William Baumol alilieleza hili miaka ya 60: mishahara ya nesi na mwalimu lazima ipande kufuata ya wengine, la sivyo wataacha kazi, lakini kazi yao haiharakishwi, kwa hiyo bei ya huduma yao inapanda tu. Kati ya 2000 na 2022 bei kwa ujumla Marekani zilipanda kama asilimia 70 na kitu, ada za vyuo zilipanda zaidi ya mara mbili na nusu, huduma za hospitali zaidi ya mara tatu. Ile nafuu uliyoipata kwenye TV inamezwa na siku moja ya kulazwa.

Na uangalie uzito. Ukichukua kila dola 100 za matumizi zinazohesabiwa kwenye kipimo chao cha bei, makazi peke yake yanachukua zaidi ya dola 30. TV haifiki hata nusu dola. Mtu ananunua TV mara moja kwa miaka kadhaa, kodi analipa kila mwezi, kwa hiyo TV hata ikigawiwa bure hatasikia tofauti kubwa mfukoni.

Kwa hiyo kaka yako akikomaa, mwambie afanye hesabu yake ile ile kwa nyumba badala ya TV. Sensa ya 1950 iliweka nyumba ya katikati kwenye dola 7,354 na familia ya katikati ilikuwa inaingiza dola 3,319, nyumba ni kipato cha miaka 2.2. Mwaka 2023 nyumba zilizokuwa zinauzwa, ukiacha mpya, ya katikati ilikuwa kama dola 390,000 na kipato cha familia ni 100,000, karibu miaka 4. Kwa kipimo hicho wamefukarika karibu nusu. Atakwambia nyumba za leo ni kubwa na zina vitu vingi zaidi, na atakuwa amesema kweli, nyumba mpya za 1950 zilikuwa na futi za mraba kama 1,000 tu wakati za miaka ya karibuni zinapita 2,000. Hapo mshike, maana atakuwa amekubali mwenyewe kwamba namba moja ya kitu kimoja haitoshi, na mnaweza kukaa chini mchukue daftari mpige pamoja: TV, nyumba, chakula, hospitali, ada, kila kimoja kwa saa za kazi za mtu wa katikati, 1954 upande mmoja na 2023 upande wa pili. Mkimaliza nitumieni hilo jedwali nilipitie, hasa upande wa chakula, nako kuna mambo.